Kuona na Kufanya

Mwaka 1932 Sheldon Press ya London ilichapisha kitabu cha Kiswahili cha Martin Kayamba, karani wa serikali huko Tanga, kiitwacho Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Mwaka uliotangulia, yeye pamoja na Chifu Makwaia wa Usiha na Francis Lwamugira wa Bukoba walikuwa wamepelekwa London kutoa maoni mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, iliyokuwa ikichunguza mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Jina la kitabu hicho lina vitenzi viwili, kuona na kufanya, na vyote viwili vina kiambishi cha wingi. Aliyeandika ni Kayamba, lakini msemaji ni "sisi". Jina hilo naliona kuwa kipimo kizuri cha masimulizi yote ya safari za Ulaya, na kwa kipimo hicho napenda kuyatazama masimulizi ya vijana wetu wa leo wanaokwenda kusoma huko.

Masimulizi hayo nimeyasikia kwa miaka mingi. Zamani yalikuja na bahasha ya picha za karatasi. Siku hizi yamo ndani ya simu. Umbo lake halibadiliki. Ijumaa jioni kijana anatoka chuoni na kupanda basi la usiku la bei nafuu. Jumamosi yuko Paris, Jumapili yuko Amsterdam, na Jumatatu asubuhi yuko darasani, macho mekundu. Mwisho wa mwaka anahesabu miji kumi na miwili. Ukimwuliza mji fulani ulikuwaje, atakujibu kwamba ulikuwa mzuri sana, na kwamba kulikuwa na baridi.

Sisemi haya kwa kuwabeza. Posho ya mwanafunzi ni ndogo, na mwisho wa juma ni siku mbili tu. Aidha, hamu hiyo ina historia yake. Kabla ya tarehe 26 Machi 1995, Mtanzania aliyetaka kutoka Ujerumani kwenda Ufaransa ilimbidi kuomba viza nyingine, kulipa, na kungoja. Siku hiyo nchi saba zilianza kuutekeleza mkataba wa Schengen, na baadaye nyingine nyingi zikajiunga. Leo mwanafunzi mwenye kibali cha kuishi katika mojawapo ya nchi hizo anaweza kuzitembelea nyingine hadi siku 90 katika kila siku 180 bila viza ya ziada. Mwenzake aliyeko Uingereza bado yampasa kuomba. Mlango uliofungwa muda mrefu ukifunguliwa, hapana shaka watu watapita mbio.

Basi kasoro ya masimulizi haya iko wapi? Wengi husema iko katika haraka. Mimi sikubaliani nao. Salim bin Abakari, ambaye habari zake za safari ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896 zilichapishwa na Carl Velten mwaka 1901, naye alipita tu. Alikuwa katika msafara wa bwana wake Mjerumani, Bumiller, na si yeye aliyeamua walale wapi au waondoke lini. Hata hivyo anatueleza baridi na theluji, vyakula vya watu, makao yao na dini zao, na anawatazama wenyeji wa huko kwa jicho lile lile ambalo Wazungu walizoea kututazamia sisi. Kila alichokiona alikipima kwa alichokijua. Kayamba naye alikuwa mgeni wa wakubwa, na mgeni wa namna hiyo huonyeshwa sebule, haonyeshwi jikoni. Msomaji wa leo lazima akumbuke hivyo anapopima sifa alizowapa wenyeji wake. Wote wawili waliona kwa haraka na kwa ruhusa ya wengine, lakini wote wawili wametuachia kitu cha kusoma.

Kwa hiyo kasoro si uchache wa siku. Kasoro ni kwamba msafiri ameondoka bila swali. Kijana wa Mpanda anayepanda treni ya London hadi Brussels, akapita chini ya bahari katika njia iliyofunguliwa mwaka 1994, anafika kwa muda wa saa mbili hivi. Atatuambia treni ilikwenda kasi. Lakini yeye amekulia kwenye kituo cha mwisho cha reli itokayo Kaliua, reli iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi, na anajua maana ya kulala njiani ndipo ufike Tabora. Ni nani kati ya abiria wale angeweza kuuliza vizuri kuliko yeye: reli hii ilijengwa kwa fedha za nani, ili ibebe nini, na mzigo wake ukiisha itakuwaje? Swali hilo analo tangu utotoni, ila hakulitia katika begi lake.

Hapo Brussels kuna mfano ulio mkubwa zaidi. Vijana wengi hupiga picha mbele ya Atomium, ile mipira mikubwa ya chuma iliyojengwa kwa maonyesho ya mwaka 1958. Nje kidogo ya mji, mahali panapofikika kwa tramu, pana jumba la makumbusho la Tervuren, lililoanzia kwenye maonyesho ya ukoloni ya mwaka 1897 chini ya Mfalme Leopold wa Pili. Humo mna vitu vilivyotoka pande zote mbili za Ziwa Tanganyika, vilivyochukuliwa na Emile Storms. Huyu Storms si mgeni kwetu. Alikuwa mkuu wa boma la Karema, lililoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879 katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Katavi. Alifika mwaka 1882 na kuondoka mwaka 1885, boma likapewa mapadri wa White Fathers. Desemba 1884 watu wake walimwua Lusinga, chifu wa Watabwa ng'ambo ya ziwa, wakakikata kichwa chake, na fuvu likapelekwa Ubelgiji. Sanamu ya Storms ilisimama katika bustani moja ya Brussels hadi mwaka 2022, ilipoondolewa.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Kijana wa Karema yuko Brussels kwa siku mbili. Mji mzima hauna mtu mwenye haki kuliko yeye ya kusimama mbele ya vitu vile na kuuliza vilitokaje kwao. Saa tatu zingemtosha, na angerudi na habari ambayo wazee wa pwani ya ziwa wangekesha wakiisikiliza. Badala yake anarudi na picha ya mipira ya chuma, ambayo mtu yeyote wa taifa lolote anaweza kuipiga.

Najua nitaambiwa kwamba kijana ana haki ya kustarehe, na kwamba si kila matembezi yawe somo la historia. Ni kweli. Tembea uone, walisema wazee, wala hawakuweka sharti la kuandika ripoti. Lakini mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Huku nyumbani watoto wanaziona picha hizo na kuijenga Ulaya yao kutokana nazo: nchi ya minara na taa, isiyo na wafagiaji wala wagonjwa, wala wazee wanaokaa peke yao. Kijana aliyeishi huko mwaka mzima ameyaona haya yote. Asipoyasema, picha zitasema badala yake, na watoto watakaoziamini ndio watakaoumia siku wakifika.

Karema imewahi kumpokea mtu aliyesoma Ulaya kweli kweli. Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari huko Algeria na kupelekwa Malta kusomea uganga. Alifika Karema mwaka 1889, akatibu watu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Habari za maisha yake, kwa maneno yake mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Huyu hakuhitaji albamu ya Malta. Wagonjwa wa Karema walijua alichojifunza huko kwa sababu waliguswa nacho.

Si wote watakuwa Atiman, wala hatuwadai hivyo. Ila kila arudiye akiwa na picha zake mia tatu, namwomba achague tatu tu na kuandika ukurasa mmoja kwa kila moja: kitu hiki kinafanyaje kazi, nani hukilipia, na huku kwetu kinafanana na nini. Kurasa hizo tatu zikibandikwa ukutani katika shule moja ya Mpanda, tutakuwa tumepata cha kusoma baada ya Kayamba.