Baiskeli za Tanga na hesabu ya kaboni isiyoziona

Kila tukizungumzia usafiri endelevu Tanzania, mazungumzo huishia Dar es Salaam. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mwendokasi, ulioanza Mei 2016 kwa njia za takriban kilomita 21 zinazounganisha Kimara, Kivukoni, Kariakoo na Morocco, ni kazi kubwa, na uliipatia Dar tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Shida ni kwamba tumeufanya kuwa kipimo pekee. Mji usio na mabasi makubwa tunauona kama bado haujaanza safari.

Sasa njoo Tanga. Mji ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imepangwa kwa namba na imenyooka, na kutoka Mabawa hadi katikati ya mji hata fundi mwenye mfuko wa zana anafika kwa baiskeli bila kuhema sana. Kwa miaka mingi Tanga imejulikana kama mji wa baiskeli. Ukisoma mipango yetu ya tabianchi kwa jicho hilo, utajiuliza: baiskeli hizi ziko wapi kwenye hesabu?

Mwaka 2021 Tanzania iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Kwenye usafiri, mkazo ukawekwa kwenye mabasi yaendayo haraka na miundombinu mikubwa kama reli. Lakini asilimia hizo zinapunguzwa kutoka wapi? Si kutoka kiwango cha leo. Zinapunguzwa kutoka kiwango kinachokadiriwa tungefikia kama tungeendelea kama kawaida. Kwa nchi inayokua hilo lina mantiki, ila lina tundu: linatambua kaboni unayoipunguza kuliko kaboni ambayo hukuitoa kabisa.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mkazi wa Mabawa husafiri kilomita 4 kwenda kazini na 4 kurudi. Kwa baiskeli, mafuta ni sifuri. Akihamia bodaboda inayokwenda kilomita 40 kwa lita moja, atatumia lita 0.2 kwa siku. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, kwa hiyo ni kama kilo 0.46 kwa siku, au kilo 138 kwa siku 300 za kazi. Wakihama watu 10,000, hizo ni tani 1,380 kwa mwaka.

Halafu baada ya miaka kadhaa unakuja mradi wa pikipiki za umeme. Ripoti itaandika: tumeokoa tani 1,380! Kiukweli tutakuwa tumerudi tulipokuwa, tena hatujafika, maana betri ina kaboni yake ya kiwandani na sehemu ya umeme wetu bado inatokana na gesi asilia. Kwenye karatasi ni ushindi, mtaani ni hasara.

Kuna watakaosema baiskeli ni umaskini, na mtu akipata hela lazima apande chombo cha moto. Hoja hiyo ina ukweli. Mji unapanuka, stendi ya mabasi iko Kange, Pongwe si karibu, na jua la pwani halina utani. Bodaboda pia imewapa vijana wengi riziki, na sitaki kuwabeza. Ila watu wengi hawaachi baiskeli kwa sababu ya hadhi tu. Wanaiacha kwa sababu ya woga.

Hapa fizikia inasaidia. Nishati ya gari linalotembea hukua kwa mraba wa kasi yake. Gari la kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa maeneo ya makazi, hubeba nishati karibu mara 2.8 ya gari lilelile likiwa kwenye 30. Kwa hiyo tukiweka lami safi na pana bila njia ya baiskeli, tumemwongezea dereva kasi na kumwongezea mwendesha baiskeli hatari. Mama akiona hivyo hamruhusu mwanawe kwenda shule kwa baiskeli, na huyo mtoto akikua hatakuwa na mazoea nayo.

Waholanzi wanaosifiwa leo kwa baiskeli walipita humuhumu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia waliukumbatia mji wa magari, na ilibidi wazazi waandamane miaka ya 1970 kupinga vifo vya watoto barabarani ndipo mambo yakaanza kubadilika. Wao walilazimika kurudisha walichopoteza. Sisi tunatakiwa kulinda tulichonacho, na hiyo ni rahisi zaidi.

Kulinda si maneno. Ni kuhesabu safari za baiskeli na miguu kabla ya kuchora barabara, kutenga njia yenye ukingo ambao gari halipandi, kushusha kasi karibu na shule na masoko, kupanda miti ya kivuli, na kuweka sehemu salama ya kufungia baiskeli stendi. Hakuna teknolojia ngeni hapo.

Kwa hiyo barabara ya mtaani kwenu ikitajwa kwenye mpango wa lami, nenda kwenye mkutano wa mtaa uombe kuona mchoro. Uliza swali moja tu: baiskeli inapita wapi? Kama jibu ni "itapita pembeni," jua haimo kwenye hesabu.