Kivuli Kifupi Kuliko Vyote

Kwa somo la jua, shule ya sekondari msingi mjini Isiolo haihitaji zaidi ya ufito wa mita moja, uzi, jiwe na uwanja tambarare. Mwalimu husimamisha ufito wima kwa timazi ya uzi na jiwe, kisha huwauliza wanafunzi wa Gredi ya 7 swali moja: leo kivuli hiki kitakuwa kifupi kuliko vyote saa ngapi? Karibu wote hujibu saa sita kamili. Mwalimu hodari hasemi ndiyo wala la. Humtaka kila mmoja aandike jibu lake kwa kalamu isiyofutika, na sababu yake, kabla ya kupima chochote.

Naiheshimu kazi hii hasa kwa yale ambayo mwanafunzi hayaoni. Jana yake mwalimu alikwisha kulifanya jaribio peke yake. Anajua kwamba ardhi ikiinama kidogo vipimo vitapotoka. Anajua pia kwamba ncha ya kivuli haina makali: jua si nukta, upana wake angani ni kama nusu digrii, kwa hiyo ncha ya kivuli cha ufito wa mita moja huwa na ukungu wa takriban milimita 9. Wanafunzi watazozana alama iwekwe wapi. Angeweza kuwatahadharisha mapema, lakini huwaacha. Mzozo huo ndio somo lenyewe la vipimo, na wakipatana kuweka alama katikati ya ukungu kila mara, watakuwa wamejitungia kanuni ambayo hakuna kitabu kilichowapa.

Alama huwekwa kila baada ya dakika 10, kuanzia saa tano na nusu. Saa sita hufika na kivuli kingali kinapungua. Wengine hudhani saa imeharibika. Kivuli hugeuka na kuanza kurefuka karibu saa sita na nusu, na mwalimu huuliza tu: mnadhani kwa nini?

Darasa la Isiolo lina Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu, na hapa fununu ya kwanza inaweza kutoka kwa mtoto wa Kiislamu. Adhana ya adhuhuri, atasema, haiadhiniwi saa sita kamili, na wakati wake husogea mwaka mzima. Ni kweli. Adhuhuri huingia jua likipinduka, na kwa Isiolo jua hupinduka mapema zaidi mwanzoni mwa Novemba, kama saa 6 na dakika 13, na huchelewa zaidi katikati ya Februari, kama saa 6 na dakika 44. Saa za Kenya zimepangwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Isiolo iko kwenye digrii 37 na nusu hivi, na kila digrii ni dakika 4 za mwendo wa jua. Basi jua hufika juu ya Isiolo karibu nusu saa baada ya kupita juu ya Mogadishu. Mwalimu hayasemi haya. Hutandaza ramani, akangoja.

Kungoja huko ni kugumu kuliko kunavyoonekana. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu wa sayansi huwapa wanafunzi baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde 1 tu. Walipojizoeza kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya walianza kusema.

Kenya imekuwa ikiunoa ufundi huu wa kufundisha kwa vitendo tangu kabla ya mtaala wa umilisi kuleta Gredi ya 7 mnamo Januari 2023. Mradi wa SMASSE, ulioanza 1998 kwa msaada wa Japani, uliwahimiza walimu wa sekondari kujenga somo juu ya shughuli, mwanafunzi, jaribio na vifaa vya kujitengenezea. Hivyo vya mwisho hudharauliwa, kana kwamba ni dawa ya umaskini. Sikubali. Maabara inahitajika, na mtoto wa Isiolo anastahili asidi, hadubini na kipimajoto kama mtoto wa Nairobi. Lakini kwa swali la kivuli, ufito ndicho kifaa chenyewe.

Beseni nalo laweza kuwa kifaa cha namna hiyo. Kwenye bango la ikweta, Nanyuki, watalii huonyeshwa maji yakizunguka upande mmoja kaskazini na upande mwingine kusini. Mwanafunzi akilileta jambo hilo darasani, mwalimu humpa beseni lenye tundu. Maji yakimiminwa kutoka kulia huzunguka hivi, kutoka kushoto vile. Mwaka 1962 mtafiti Ascher Shapiro, katika chuo kikuu cha MIT kule Marekani, alilazimika kuyaacha maji yatulie saa 24 katika tangi lenye upana wa karibu mita 2 ndipo athari ya mzunguko wa dunia ionekane, na karibu na ikweta athari hiyo hufifia hadi karibu sifuri.

Kivuli cha ufito kikipimwa tena miezi mingine, uhandisi huingia wenyewe. Mwishoni mwa Juni kivuli kifupi cha siku huangukia kusini, sentimita 43. Mwishoni mwa Desemba huangukia kaskazini, sentimita 44. Sasa mwalimu huuliza: pampu ya kisima inayotumia sola, paneli yake ielekezwe wapi? Vipimo vinasema ilazwe karibu bapa. Mtu atakumbuka vumbi: paneli bapa haioshwi vizuri na mvua. Basi hutafutwa kipande cha kioo, vumbi la uwanjani na kopo la maji, kioo kikainamishwa digrii 5, kisha 10, kisha 15. Na kwa wanaohofia kupoteza mwanga kuna kadibodi ya sentimita 20: jua likiwa utosini, ikiinamishwa digrii 10, kivuli chake hupungua milimita 3.