Enjeniere na maporomoko

Bandugu, The Social Network (2010) inatushika juu ya nini? Si kompyuta, ni rafiki kupoteza rafiki. Hapa Wagenia tunatazama mvuvi juu ya miti yake kwa sababu anaweza kuanguka. Sasa tuko na Thérèse Izay Kirongozi, enjeniere aliyesimamisha marobo ya rulaje Kinshasa mwaka 2013. Robo ananyoosha mkono, motokari zinasimama: picha nzuri, lakini haijawa filme. Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, katika En route pour le milliard (2020) alifuata wahanga wa Vita ya Siku Sita wakishuka mto kudai haki yao. Atakayeandika maisha ya Izay aulize hivyo: angepoteza nini? Bila jibu, itabaki publisite tu.