Msimbo Mmoja, Watu Wanne: Uhakiki wa Utafutaji wa Majina kwa Matamshi Jijini Bujumbura

Makala haya yanahakiki Soundex, mbinu kongwe ya kutafuta majina kwa matamshi ambayo Robert Russell aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1918, na ambayo bado hutumika katika madaftari ya anwani ya kidijitali. Kanuni yake ni nyepesi. Herufi ya kwanza ya jina hubaki. Irabu hutupwa, pamoja na h, w na y. Konsonanti zinazofuata hugeuzwa tarakimu kwa makundi, zisizidi tatu. Majina yenye msimbo mmoja huhesabiwa kuwa yanatamkwa kwa namna moja.

Tuyapitishe humo majina ya Kirundi. Ndayishimiye hupata N325. Ndayisenga, N325. Ndikumana na Ndayikengurukiye, vilevile N325. Hakuna Mrundi atakayeyasikia manne haya kuwa jina moja. Majina mengi ya Kirundi ni sentensi: katika Ndayisenga, kiambishi -yi- humrejelea Imana, yaani Mungu, na uzito wa maana hutua kwenye -senga, kusali. Tarakimu ya kwanza humalizwa na mwanzo ambao majina haya yote yanao. Mbili zilizobaki huweka s na k katika kundi moja, m na n katika kundi jingine. Na kwa kuwa kwa desturi ndugu wa tumbo moja hupewa kila mmoja jina lake, hakuna jina la ukoo la kumwokoa mtafutaji.

Kosa la kinyume liko Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ambako majina ya Kiislamu huandikwa ama kwa mazoea ya Kiswahili ama ya Kifaransa. Juma ni J500, Djuma ni D250. Hasani na Assani hutengana kwa herufi ya kwanza tu, na hiyo inatosha kuwapoteza. (Yusufu na Youssouf hukutana katika Y210, tuipe mbinu haki yake.) Katika zahanati moja nilishuhudia mgonjwa aliyeandikishwa Djuma akifunguliwa faili jipya kwa sababu karani alitafuta Juma. Habari za dawa zinazomdhuru zilibaki katika faili la zamani.

Wapo wanaopendekeza kuhesabu herufi zinazobadilishwa, kwa kipimo cha Levenshtein cha mwaka 1965. Ramadhani na Ramazani hutofautiana kwa hatua 2. Lakini Habimana, Mungu yupo, na Habonimana, Mungu ndiye aonaye, nao hutofautiana kwa hatua 2, na hao ni watu wawili.

Kwa maoni yangu, programu itambue kwanza jina limetoka hazina gani. Kwa majina ya Kiislamu, dj isomwe j, dh isomwe z, ou isomwe u, na h ya mwanzo isitiliwe maanani. Kwa majina ya Kirundi h hiyo isiguswe, na ulinganishi uanzie mwishoni mwa jina. Kisha karani aonyeshwe majina yote yanayokaribiana, amuulize mwenyewe aliyesimama mbele yake.