Wito Hauji kwa Radi

Wenzangu wa kalamu, leo sikuja na maneno matamu. Kila tukikaa kuchambua kazi zinazoletwa, hazikosi mbili tatu za aina hii: kijana anavuka mpaka kwenda kujitolea, anakuta wagonjwa na wakimbizi, usiku mvua inanyesha, radi inapiga, sauti inamwita kwa jina, na kukicha tayari ni mtumishi wa Mungu. Msuko ni ule ule. Linalobadilika ni jina la nchi tu.

Msidhani nawasema ninyi peke yenu. Mimi mwenyewe niliwahi kupanda boti nikaenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kujitolea miezi mitatu na kikundi cha kanisa. Niliporudi nikaandika hadithi, nikaweka na radi. Waliosikia walilia. Mzee wangu akaanza kunitafutia fomu ya seminari. Tatizo ni moja: radi ile sikuisikia. Nilizuga.

Aliyenitoa usingizini ni Adrien Atiman. Sisi wa Kigoma na Ujiji tumekua tukionyeshwa mnara wa Livingstone na kuambiwa kwamba Stanley alimkuta hapa mwaka 1871. Sawa. Lakini ni wangapi kati yetu wanamjua Mwafrika huyu aliyetibu watu kule Karema, mwambao huu huu wa Tanganyika upande wa kusini, kwa zaidi ya miaka sitini? Kumbukumbu za maisha yake aliziandika mwenyewe, zikachapwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Nilizisoma kwa Kiingereza, kamusi pembeni, wala sioni aibu kusema.

Kisa chenyewe ni kizito. Mtoto wa upande wa Timbuktu, Afrika Magharibi, anaibwa, anauzwa, anavushwa jangwa la Sahara. Huko Algeria Mapadre Weupe wanamkomboa kwa fedha. Baadaye anapelekwa Malta kusomea udaktari, kwa mpango wa Kardinali Lavigerie wa kuandaa vijana wa Kiafrika wawe matabibu na makatekista. Mwaka 1888 anaondoka Malta kuja huku kwetu. Anaishia Karema, na ni huko huko alikofariki mwaka 1956.

Hebu fikiria. Ziwa hili lilikuwa likitoa watumwa, na Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha misafara yao. Halafu anakuja mtu aliyekuwa mtumwa mwenyewe, kutoka upande mwingine wa bara, mkononi ana dawa. Mtunzi wa riwaya angebuni hivyo, tungesema kazidisha chumvi.

Sasa tuje kwenye fani. Nguvu ya kisa hiki haiko kwenye usiku mmoja wa ajabu. Iko kwenye kazi inayorudiwa: mgonjwa wa leo, mgonjwa wa kesho, miaka nenda miaka rudi. Mjerumani akaja akaondoka, Mwingereza akaja, Atiman yupo. Wala hakuwa padre. Alioa, akabaki tabibu na katekista, na mwanawe Joseph ndiye aliyepata upadre. Sisi katika hadithi zetu tunafikiri wito usipoishia kwenye joho jeupe haukukamilika.

Lakini uhakiki si kusifu tu. Kuna swali linaloniwasha kila nikimrudia Atiman: mtu aliyenunuliwa na kukombolewa, akalishwa na kusomeshwa, je, anaweza kusema hapana? Mlinganishe na Nahodha Leopold Joubert, askari Mfaransa aliyekuwa ametumikia jeshi la Papa. Yeye alikuja kwenye ziwa hili kwa hiari, kulinda misheni na waliokimbia wakamataji wa watumwa, akafia ng'ambo mwaka 1927. Joubert alikuwa na kwao pa kurudi. Atiman kwao palikuwa pamefutwa na waliomuiba. Neno 'kujitolea' kwa hawa wawili si neno moja, na mwandishi makini hawezi kulipita hivi hivi.

Jibu langu mimi ni hili: huenda kuja hakukuwa uchaguzi wake, lakini kubaki kulikuwa kwake. Waliomleta walikufa au walihamishwa, na bado asubuhi aliamka akaenda kwa wagonjwa. Hapo ndipo ninapouona wito, na hapo ndipo dhamira za hadithi zetu zinapopwaya. Tunaandika kufika, hatuandiki kubaki. Tunamchora mkimbizi au mgonjwa kama ngazi ya mhusika mkuu kupandia mbinguni. Hana jina, hana utani, hana hasira, anapona tu au anakufa tu kwa faida yetu.

Basi hadithi yangu nimeichana, naiandika upya bila radi. Kilichotokea Kalemie ni kidogo sana. Siku ya kwanza, nikiwa bado na ndoo mkononi, bibi mmoja mgonjwa aliniuliza, "Mjukuu, wewe utarudi kwenu siku gani?" Nikadhani ananikaribisha. Kumbe alikuwa anahesabu. Vijana wa kujitolea alishawaona wengi, na kila alipozoea mkono wa mmoja, boti ilimchukua. Nilipotaja tarehe aligeukia ukutani. Tangu siku ile alinipa mkono anioshe, lakini jina langu hakuliuliza tena.

Katika hadithi ya kwanza bibi huyu nilimuua ukurasa wa tatu ili radi ipate nafasi. Safari hii ataishi mpaka mwisho, na swali lake nitaliacha pale pale alipolitupa, maana mimi mwenyewe bado sijamjibu. Fomu ya seminari ipo ndani ya Biblia, haijajazwa.

Nikimaliza nitaileta mezani kama wengine. Ichambueni bila huruma, mnionyeshe wapi nimezuga tena.