Uoto au Ukijani?

Miongoni mwa istilahi zinazowakabili wafasiri wa taarifa za mazingira imo ile ya kipimo cha kijani kinachoonwa na mpita njia. Mpimaji hupiga picha kwa kimo cha macho, akielekea pande nne; pikseli za kijani hugawanywa kwa pikseli zote, na jibu huzidishwa kwa 100. Utafiti wa namna hiyo ulichapishwa mwaka 2009 juu ya mji wa Berkeley, Marekani. Leo simujanja yatosha, na kipimo chaweza kuchukuliwa hata katika vijia vya Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, wilayani Lushoto.

Mfasiri mwenye haraka ataandika “fahirisi ya uoto”. Maneno yote mawili twayakataa. Fahirisi, kama wajuavyo watumishi wa takwimu za bei, hulinganisha kiasi cha sasa na cha kipindi cha msingi kilichopewa 100, na yaweza kuivuka 100 hiyo. Kipimo hiki ni sehemu ya picha, basi ni asilimia.

Kosa la “uoto” ni zito zaidi. Walimu wa jiografia hufundisha kuwa uoto ni mimea iotayo mahali, pamoja na shina na gome lake. Hesabu hii huona rangi tu. Shina la mkulo, mti ambao jina lake la kisayansi limebeba jina la Usambara, laweza kujaza nusu ya picha lisihesabiwe; shamba la kabichi kando ya msitu litahesabiwa lote, na mikaratusi ya kupandwa sawasawa na msitu wa asili. Ukingoni mwa Irente, ambako watu huenda kutazama nyika iliyo chini, tarakimu yaweza kuwa ndogo kwa sababu picha imejaa anga. Zipo programu zinazotambua umbo la mimea, lakini kutambua mmea si kueleza hali ya msitu. Ofisa atakayekuta “uoto asilimia 70” katika jalada aweza kuamini kuwa msitu u salama, akapeleka fedha za ulinzi kwingine.

Twapendekeza “asilimia ya ukijani uonekanao”. Watakuwapo watakaosema kuwa “kijani” nalo limetokana na “jani”, hivyo tumerejea palepale. Asili ni hiyo, lakini matumizi yamekwisha kuachana nayo: twasema gari la kijani bila ya kufikiria jani lolote, na gari hilo likiegeshwa langoni mwa hifadhi laweza kuingia hesabuni vilevile. Katika majedwali yenye nafasi finyu, “ukijani (%)” latosha.