Leso Kwenye Kadi: Pambo la Kidijitali Linapokutana na Manila

Mtengeneza kadi za harusi wa Likoni au Kisauni, Mombasa, halazimiki tena kuvuka kwenda kisiwani kutafuta karatasi za nakshi. Maua, fremu na pindo hupatikana kama faili, zikanunuliwa mara moja na kuchapishwa kila zinapohitajika. Lakini faili hizo hutengenezwa kwa vipimo vya wengine. Tuichambue kadi moja yenye sura ya leso, maana humo makosa yote huonekana.

Kosa la kwanza ni kuibana leso nzima. Leso ina urefu wa sentimita 150 hivi. Kadi ya milimita 130 ni ndogo kuliko hiyo zaidi ya mara kumi na moja. Ua la sentimita tano hubaki chini ya milimita tano, na mistari ya pindo huungana ikawa doa. Kadi nzuri huchukua mpangilio wa leso, si leso yenyewe: pindo pembeni, pambo moja kubwa mahali pa mji, yaani katikati, na chini yake, panapokaa jina (maandishi ya leso), majina ya maharusi.

Pili ni pikseli. Karatasi nyingi za kidijitali zina inchi 12 kila upande, yaani pikseli 3,600 kwa kipimo cha pikseli 300 kwa inchi. A4 ina upana wa inchi 8.27 tu, hivyo kata sehemu unayoitaka badala ya kuipunguza yote na kusaga nakshi. Faili hiyo ikitumwa saiba kwa WhatsApp kama picha, hubanwa na kupoteza pikseli. Itume kama dokumenti au ibebe kwenye flashi. Ua la kubandika juu ya rangi nyingine liwe PNG isiyo na mandhari, kwani JPEG hulizungushia kisanduku cheupe.

Tatu ni ukingo. Printa nyingi hazichapishi hadi mwisho wa karatasi, na pindo la leso likikatwa upande mmoja hata milimita mbili, jicho huliona papo hapo. Kadi ya kukunja yenye milimita 190 kwa 130 ikiwa wazi hutatua hilo: mbili huenea kwenye A4, na kila moja hupata milimita tatu za ziada kila upande kwa ajili ya kisu. Kadi ya A5 haitoi nafasi hiyo, kwa sababu mbili humaliza A4 yote.

Penye ugumu zaidi ni mkunjo. Tona ya printa ya leza hukaa juu ya karatasi, na ikikunjwa kwenye manila nzito hupasuka na kuacha mstari mweupe. Wino wa maji huzama ndani, lakini ule wa kawaida huchuja ukiguswa na unyevu, na pwani wakati wa masika unyevu haukosekani. Dawa ni kutenganisha kazi mbili: manila ya gramu 250 bila chapa iwe mwili wa kadi, na nakshi ichapishwe kwa leza kwenye karatasi ya gramu 120, ikatwe, kisha ibandikwe upande wa mbele tu. Mkunjo haugusi rangi. Uchore kwanza kwa rula na kalamu iliyokwisha wino, ukifuata mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Bandika kwa selotepu ya pande mbili, kwa kuwa gundi ya maji hukunjamanisha karatasi nyepesi.

Hapo ndipo mkono hulipa gharama yake. Chapisha ua la mji mara ya pili, likate kwa mkasi, na liinue kwa vipande vidogo vya boksi. Kivuli chake halisi hakitolewi na printa yoyote.

Rangi nayo ijaribiwe: nyekundu na kijani za kwenye kioo hupoa zikifika karatasini, basi chapisha kipande kidogo kwenye karatasi ileile kabla ya kuagiza kadi mia.

Kwa anayeuza, leseni ya faili isomwe, kwa sababu nyingi huruhusu matumizi binafsi pekee. Kupiga picha leso ya dukani na kuigeuza faili hakuondoi haki ya mwenye mchoro. Michoro ya leso ina wenyewe: kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, yenye leso za Mali ya Abdulla, imekuwa Mombasa tangu 1887. Lakini pindo la nukta na mistari unaweza kulichora mwenyewe kwenye simu, tena kwa kipimo cha kadi yako tangu mwanzo.